Kindi Arukaye ni Mnyama Gani, na Yule wa Misitu Yetu ni Nani?

Mara kwa mara husambaa katika simu zetu video fupi ya mnyama mwenye manyoya anayejirusha kutoka juu ya mti, akatandaza ngozi pande zote mbili za mwili wake, kisha akasafiri hewani hadi mti mwingine bila kugusa ardhi. Watazamaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoshikilia kwamba huyo ni popo, wapo wanaosema picha imetengenezwa kwa kompyuta, na wapo wanaokubali kuwa ni kindi wa kweli lakini wakaongeza kwamba wanyama wa namna hiyo wako Asia na Marekani tu. Ukweli ni kwamba video kama hizo zinaweza kuwa halisi kabisa, mnyama anayeonekana humo si popo, na katika misitu ya Kakamega, Kibale, Ituri na Udzungwa wapo wanyama wanaofanya jambo hilo hilo usiku. Mkanganyiko unakolea pale mtu anapoambiwa kwamba hao wa Afrika, ingawa wanafanana na kindi kwa umbo na kwa mwendo, si kindi kwa ukoo.

Tuanze na tofauti kati ya kuruka kwa mabawa na kuteleza hewani. Ndege anaporuka, misuli ya kifua hupiga mabawa na kuusukuma mwili mbele na juu, na kwa nguvu hiyo anaweza kuondoka ardhini na kupanda hadi juu ya mti. Popo hufanya vivyo hivyo. Bawa lake ni ngozi iliyowambwa juu ya mifupa ya vidole vilivyorefuka mno, na yeye ndiye mamalia pekee duniani anayeruka kwa maana hiyo kamili. Kindi arukaye hana bawa la kupiga. Anachofanya ni kuanza safari yake juu na kuimaliza chini, akiutumia uzito wake mwenyewe kama injini na ngozi yake kama kizuizi cha kupunguza kasi ya kuanguka. Kwa sababu hiyo hawezi kupanda hewani. Akitaka kurudi alikotoka, hupanda mti kwa makucha hadi kileleni, ndipo ajirushe tena.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Chukua karatasi mbili za ukubwa mmoja, moja uifinyange iwe donge, nyingine uiache ilivyo, kisha uziachie kwa pamoja kutoka juu ya kichwa chako. Donge litafika chini mara moja, ilhali karatasi iliyo wazi itayumba, itasogea upande, na itachelewa kutua. Uzito ni ule ule, ila eneo linalokutana na hewa limebadilika. Mwili wa kindi wa kawaida uko karibu na lile donge. Wa kindi arukaye uko karibu na ile karatasi, pamoja na nyongeza moja kubwa, kwamba karatasi haina uwezo wa kujiongoza na mnyama huyu anao.

Uwezo huo unatokana na utando, yaani ngozi nyepesi iliyofunikwa kwa manyoya, inayoanzia kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye kifundo cha mguu, kila ubavu wa kwake. Mnyama akitulia, utando hujikunja ukaonekana kama mkunjo tu wa ngozi ya tumbo, na mtu anaweza kumtazama kindi arukaye aliyekaa kwenye tawi asigundue chochote cha ajabu. Siri yenyewe iko kwenye kifundo cha mkono. Hapo kuna ujiti wa gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ilivyo kwenye sikio, ambao mnyama huweza kuutanua kuelekea nje na hivyo kuuvuta utando uwe mpana kuliko urefu wa mkono wake ungeruhusu. Akiusogeza ujiti huo kidogo, ncha ya utando hubadilika, na mwelekeo wa safari hubadilika pamoja nao.

Safari yenyewe ni fupi kiasi kwamba jicho la binadamu hulikosa jambo kubwa zaidi, ambalo ni kutua. Kabla ya kujirusha, mnyama huinamisha na kuinua kichwa, akakisogeza kushoto na kulia, kana kwamba anaupima umbali wa mti anaoutaka. Kisha anaruka kwa nguvu ya miguu ya nyuma na kutandaza viungo vyote vinne. Akiwa hewani, utando hujipinda kidogo, hewa inayopita chini yake ikaubeba mwili, na mkia ukanyooka nyuma ili kuleta uthabiti. Anapokaribia shina, huinua sehemu ya mbele ya mwili hadi akawa wima, utando wote ukaikabili hewa, kasi ikapungua ghafla, na miguu yote minne ikalishika gome karibu kwa wakati mmoja. Mara nyingi hakai hapo hata kidogo. Huzunguka mbio kwenda upande wa pili wa shina, tabia ambayo ina faida iliyo wazi iwapo bundi alikuwa anamfuata kwa nyuma.

Kuhusu umbali, yapo maneno mengi ya kutia chumvi. Kwa kindi arukaye mdogo wa Amerika ya Kaskazini, safari ya kawaida ni mita chache hadi mita ishirini hivi, na kipimo kinachotumika sana ni kwamba kwa kila mita moja anayoshuka husonga mbele takriban mita mbili. Spishi mbili za huko zinazojulikana zaidi ni ile ya kusini, yenye uzito wa gramu 50 hadi 80, na ile ya kaskazini ambayo ni nzito kidogo. Spishi ya tatu, inayoishi upande wa Bahari ya Pasifiki, ilitambuliwa kuwa ya pekee mwaka 2017 baada ya uchunguzi wa vinasaba. Kindi warukao wakubwa wa Asia, ambao wana uzito wa kilo moja au zaidi, huweza kuteleza zaidi ya mita 100 kutoka kwenye mti mrefu au kwenye mteremko wa mlima. Urefu wa mti ndio mtaji wa safari nzima: palipo na miti mifupi, hata mnyama hodari hana pa kwenda.

Kwa nini basi mnyama ajitie katika hatari ya namna hii? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kuteleza hewani huokoa nguvu, kwa kuwa ni rahisi kuliko kushuka mti, kutembea chini, na kupanda tena. Jibu hilo linaonekana la busara, lakini lilipopimwa kwa mnyama mwingine anayeteleza, kolugo wa Asia ya Kusini-Mashariki, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha picha tofauti. Watafiti waliwafunga kolugo vifaa vidogo vya kupimia mwendo, wakakuta kwamba nguvu inayotumika kupanda mti ili kupata urefu wa kujirushia hula akiba yote iliyopatikana hewani. Kilichookolewa kilikuwa muda. Kwa mnyama anayewindwa usiku na bundi, nyoka na wengine, na anayetafuta chakula katika miti iliyo mbalimbali, muda mfupi nje ya tundu ni jambo zito, na sakafu ya msitu ni mahali pa kuepukwa. Ninalitaja hili kwa sababu elimu ya wanyama imejaa majibu ya namna ile ya kwanza, yanayopendeza sikioni na ambayo hakuna aliyejisumbua kuyapima.

Sasa tuingie katika suala la ukoo, ambalo ndilo chanzo cha mabishano mengi. Kindi warukao wa kweli ni tawi la familia ile ile ya kindi tunaowaona mashambani, ambao pia huitwa kuchakuro. Spishi zao ni takriban 50, na nyingi mno zinaishi Asia, kuanzia milima ya Himalaya hadi visiwa vya Borneo na Japani. Amerika ya Kaskazini ina zile tatu tulizozitaja, na Ulaya ina moja tu, ambayo makazi yake yanaanzia Ufini na nchi za Baltiki na kuendelea kupitia Urusi hadi kisiwa cha Hokkaido. Ukoo huu si wa jana. Karibu na Barcelona, nchini Hispania, mifupa ya kindi arukaye yenye umri wa miaka milioni 11.6 ilifukuliwa katika eneo lililokuwa likichimbwa kwa ajili ya jalala, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2018. Viungo vyake havitofautiani sana na vya kindi warukao wakubwa wanaoishi leo.

Miongoni mwao yumo mmoja ambaye kisa chake kinastahili kusimuliwa. Katika milima ya kaskazini mwa Pakistani anaishi kindi arukaye mwenye manyoya mazito, mzito wa kilo mbili na zaidi, ambaye kutoka puani hadi ncha ya mkia hukaribia mita moja au kuzidi. Kwa miongo mingi alijulikana kwa ngozi chache zilizohifadhiwa kwenye makumbusho, na wengi walidhani ametoweka, hadi mtafiti Peter Zahler alipompata akiwa hai mwaka 1994. Anaishi kwenye mapango na nyufa za miamba mirefu, na chakula chake kikubwa ni majani membamba ya misonobari, chakula kigumu ambacho mamalia wachache wanakiweza. Mwaka 2021 wataalamu walieleza jamaa zake wawili wapya kutoka upande wa mashariki wa Himalaya. Mnyama anayekaribia ukubwa wa paka amekaa milimani muda wote huo bila ya sayansi kumfahamu vizuri, kwa sababu tu hutoka usiku na huishi mahali ambapo mtu hafiki kwa urahisi.

Katika video za mitandaoni, hata hivyo, anayeitwa kindi arukaye mara nyingi si kindi kabisa. Yule mnyama mdogo wa kijivu mwenye mstari mweusi mgongoni, anayejirusha kutoka juu ya kabati hadi kwenye kiganja cha mfugaji wake, kwa kawaida ni mnyama wa Australia na Guinea Mpya ambaye jike lake hulea mtoto kwenye mfuko wa tumbo. Yeye ni jamaa wa kangaruu, na kindi ni jamaa wa panya. Wawili hao wameachana kiukoo kwa zaidi ya miaka milioni 100. Kolugo naye, ambaye utando wake huzunguka mwili mzima kuanzia shingoni hadi ncha ya mkia, si kindi wala popo, na jamaa zake wa karibu zaidi wanahesabiwa kuwa ni nyani, kima na binadamu. Kuteleza hewani kumezuka mara kadhaa katika koo zisizohusiana, kila mara kukiwa na miti mirefu, adui chini, na ngozi ya ubavuni iliyoweza kutanuka kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi.

Afrika nayo ilipata watelezaji wake kwa njia hiyo hiyo. Mnyama anayehusika ni mgugunaji ambaye wataalamu wamempa familia ya peke yake, na kwa kuwa alama yake kuu ni magamba yaliyo chini ya mkia, katika makala haya nitamwita kindi-magamba. Ukimpindua na kuutazama mkia wake karibu na shina lake, utaona mistari miwili ya magamba magumu yenye ncha zilizoelekea nyuma. Anapolikumbatia shina la mti, magamba hayo hukwama kwenye gome na kumzuia asiteleze chini, hivyo mkia unamfanyia kazi ya mguu wa tano. Kindi arukaye wa Asia hana kitu kama hicho.

Tofauti ya pili ni ya ndani zaidi, na kwangu ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba koo hizi mbili ziliufikia utando kila moja kwa njia yake. Ule ujiti wa gegedu unaotanua utando, ambao kwa kindi arukaye umeota kwenye kifundo cha mkono, kwa kindi-magamba umeota kwenye kiwiko. Kama wangekuwa wamerithi utando kutoka kwa babu mmoja, ujiti ungekuwa mahali pamoja. Vinasaba vimelithibitisha jambo hilo na kuongeza lingine la kushangaza: jamaa wa karibu wa kindi-magamba aliye hai leo, mbali na wale wa kundi lake mwenyewe, ni kamendegere, yule mnyama wa mbugani mwenye miguu mirefu ya nyuma anayerukaruka usiku katika nyanda za Serengeti na kwingineko. Mmoja amekwenda juu ya miti, mwingine akachimba mashimo kwenye nyika, na wote wawili wamebaki kuwa watu wa Afrika pekee.

Spishi za kindi-magamba wenye utando ni chache, lakini ukubwa wao unatofautiana mno. Anayeonekana zaidi Afrika Mashariki ana uzito unaoweza kufikia kilo moja, na makazi yake yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita Kongo na Uganda, hadi Kenya magharibi, Tanzania na Zambia. Hukaa kwenye matundu ya miti mikubwa, hula matunda, maua na majani, na ana mazoea ya kukwangua magome ya miti fulani ili apate utomvu, akirudia miti ile ile hadi makovu yakawa alama ya kudumu kwenye shina. Kwa upande mwingine wapo kindi-magamba wadogo kabisa wa misitu ya Kongo na ya Afrika Magharibi, ambao uzito wao ni gramu 15 hadi 35 tu, na ambao makumi yao, pengine hata mia, huweza kulala pamoja katika mvungu wa mti mmoja, mara nyingine wakiwa na popo humo humo. Huenda mkanganyiko wa kindi na popo ulianzia katika mivungu kama hiyo, ingawa hilo ni dhana yangu.

Ukoo huu ni mkongwe katika nchi zetu. Visukuku vya kindi-magamba vimepatikana Kenya magharibi katika tabaka za miamba zenye umri wa takriban miaka milioni 20. Yupo pia jamaa wa pembeni anayeishi Kameruni, Gabon na maeneo jirani ya Afrika ya Kati, ambaye ana magamba mkiani lakini hana utando kabisa. Kwa muda mrefu sayansi ilikuwa na vielelezo vichache vyake vilivyokauka, hadi mwaka 2016 watafiti walipochapisha uchambuzi wa vinasaba vya miili mitatu iliyopatikana kisiwani Bioko, na kuonyesha kwamba tawi lake liliachana na wenzake zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Mnyama huyo anatupa fununu muhimu, kwamba magamba yalitangulia na utando ukafuata baadaye: babu wa kundi hili alikuwa hodari wa kushika shina la mti kabla ya kizazi chake kujifunza kuliacha.

Maisha ya kila siku ya wanyama hawa wote, wa Asia, Amerika na Afrika, yanaendeshwa na giza. Kindi wa kawaida huonekana mchana, lakini kindi warukao karibu wote hutoka baada ya jua kuzama, nao kindi-magamba ni vivyo hivyo, na macho yao makubwa yaliyotokeza ndiyo yanayowawezesha kuupima umbali katika mwanga hafifu. Mchana hulala kwenye tundu la mti, mara nyingi lile lililoachwa na kigogota, au kwenye kiota cha majani na magome yaliyochanwa nyuzi nyuzi. Wengi hudhani kwamba wale wa nchi za baridi hulala usingizi wa majira yote ya barafu, lakini hawafanyi hivyo. Kindi arukaye wa kusini mwa Amerika ya Kaskazini hupambana na baridi kwa kujumuika, kumi au zaidi katika tundu moja, wakibanana ili kushirikiana joto, na kutoka nje kila usiku unaporuhusu kula njugu za mialoni walizoweka akiba. Mama huzaa watoto wawili hadi wanne kwa kawaida, wasio na manyoya na macho yao yamefumba kwa takriban wiki nne, na endapo kiota kitavurugwa huwabeba mmoja mmoja kwa mdomo, akiteleza nao hewani hadi tundu jingine. Kindi-magamba mkubwa, kinyume chake, mara nyingi huzaa mtoto mmoja tu, jambo linalomfanya ashindwe kuongezeka haraka pale anapowindwa sana.

Chakula cha yule wa Amerika wa upande wa Pasifiki ndicho kinachoonyesha uzito wa mnyama huyu katika msitu. Katika misitu ya misonobari ya majimbo ya Oregon na Washington, Marekani, sehemu kubwa ya mlo wake ni kuvu wanaokua chini ya ardhi, ambao hawana kichwa cha kuchomoza juu na kuachia mbegu zao kwenye upepo. Kuvu hawa huungana na mizizi ya miti: wao huupa mti maji na madini, mti nao huwapa sukari. Ili waenee, wanahitaji mtu wa kuwafukua, na ndiyo maana hutoa harufu kali inayomvuta kindi arukaye. Yeye huwanusa, hushuka chini kwa muda mfupi, huwala, na kesho yake mbegu zao hutoka zikiwa hai kwenye kinyesi chake, mbali na pale alipozichukua. Bundi mwenye madoa wa misitu hiyo naye humtegemea kindi huyo kama windo lake kuu. Kwa hiyo mti, kuvu, kindi na bundi wamefungwa pamoja, na anayekata miti mikongwe hukata mnyororo wote hata kama hakukusudia.

Jambo jingine lililowashangaza wengi lilichapishwa mwaka 2019. Profesa Jonathan Martin wa Wisconsin, Marekani, alipokuwa akiuchunguza msitu usiku kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, alimmulika kindi arukaye na kumwona aking'aa rangi ya waridi. Yeye na wenzake walikwenda kuangalia ngozi zilizohifadhiwa katika makumbusho, wakakuta spishi zote tatu za Amerika ya Kaskazini zina mng'ao huo, hasa sehemu za chini ya mwili, ilhali kindi wa mchana waliowalinganisha nao hawakuwa nao. Zimetolewa dhana kadhaa, ikiwemo ya mawasiliano baina yao na ya kuwachanganya maadui, na hadi sasa hakuna iliyothibitishwa. Ieleweke tu kwamba mnyama huyu hatoi mwanga wake mwenyewe gizani, kama baadhi ya vichwa vya habari vilivyodai. Manyoya hupokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa na rangi tunayoiona.

Kwa mnyama anayeishi hivi, hatari kubwa ni nafasi tupu kati ya mti na mti. Barabara ambayo ndege huivuka bila kuitambua inaweza kuwa ukuta kwa kindi arukaye, iwapo upana wake umezidi umbali anaoweza kuteleza kutoka kwenye miti iliyopo. Katika jimbo la North Carolina, barabara ya milimani iitwayo Cherohala Skyway iliwatenga kindi wa upande mmoja na wenzao wa upande wa pili kwa miaka mingi. Suluhisho lilikuwa kusimika nguzo ndefu za mbao kando ya barabara, ili mnyama apande nguzo, ajirushe, na kutua ng'ambo. Kamera na vifaa vya kufuatilia mwendo vilithibitisha kwamba kindi walizitumia. Ufini imechukua njia ya kisheria. Huko kindi arukaye analindwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, na mahali anapozalia na kupumzikia hapaharibiwi bila kibali maalumu, kwa hiyo kabla ya kujenga nyumba au barabara wachunguzi hupita msituni wakati wa majira ya kuchipua, wakitafuta vinyesi vyake vidogo vya manjano chini ya mashina. Hifadhi ya Nuuksio, karibu na Helsinki, imemfanya kuwa nembo yake. Wapo wajenzi wanaolalamika kwamba mnyama mmoja mdogo anachelewesha miradi, lakini tundu la mti hutokana na mti uliozeeka, na mti haukui hadi kuzeeka kwa ratiba ya mkandarasi.

Kwetu, kindi-magamba mkubwa hajaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kwa sasa, kwa kuwa makazi yake ni mapana. Hata hivyo yeye hutegemea mambo yale yale mawili, mivungu ya miti mikongwe na vilele vilivyokaribiana, na katika maeneo mengi ya Afrika ya Kati na Magharibi huwindwa kwa ajili ya nyama na kuuzwa sokoni. Msitu unaoachiwa miti michache mikubwa iliyotawanyika unaweza kuonekana bado ni msitu kwa mtu anayepita kwa gari, na wakati huo huo ukawa umeshakoma kuwa njia kwa mnyama huyu.

Nihitimishe upande wa ufugaji, kwa kuwa video nyingi huishia na swali la bei. Mwaka 2020 mamlaka ya wanyamapori ya Florida iliwafungulia mashtaka watu kadhaa katika mtandao uliodaiwa kunasa hadi kindi warukao 3,600 porini katika muda usiofikia miaka mitatu, ambao waliuzwa kama kwamba wamezaliwa mikononi mwa wafugaji na kupelekwa nje ya nchi. Zaidi ya ukatili huo, kindi wa kusini wa Marekani wamehusishwa na visa vichache vya taifasi kwa binadamu, ugonjwa unaosababishwa na bakteria na ambao si taifodi, hasa kwa watu waliokuwa na viota vyao kwenye dari za nyumba. Ni mnyama wa usiku, wa kundi, na wa miti mirefu; kizimba cha sebuleni hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Anayetaka kujua video aliyotumiwa ni ya nani anaweza kuanza na mambo machache yanayoonekana. Kama mnyama anapiga mabawa na kupanda juu, ni popo. Kama ana mstari mweusi kutoka kwenye paji la uso hadi mgongoni na anashika vitu kwa vidole vya mguu wa nyuma, ni yule jamaa wa kangaruu kutoka Australia. Kama utando umefika hadi ncha ya mkia, ni kolugo. Kama mkia ni wa manyoya, na ncha ya utando imetokeza kwenye kifundo cha mkono, ni kindi arukaye wa kweli, nayo picha imepigwa Asia, Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Na kama imepigwa Kakamega au Ituri, mtazame anapotua: utando umetanuliwa kutoka kwenye kiwiko, na chini ya shina la mkia, pale manyoya yanapoisha, magamba yamelikamata gome.